Sura ya Saba: Baridi ya Doha

"Huyu, ukiniuliza mimi, afande, ni mtu ambaye hayuko Kenya," alisema Mulinge, akavuta droo.

Inspekta Tryphena Mwandawiro hakucheka. Mulinge, mhudumu wa mochari, alikuwa na mzaha kwa kila maiti aliyempokea, na waliomzoea walijua kuwa bila mzaha huo asingeweza kula chakula cha mchana. Lakini leo uso wake haukuwa wa mzaha.

"Hayuko Kenya vipi, na amelala hapa Voi?"

"Watu wawili wamepita hapa kuchukua maiti wao. Wote wamemwona, wote wamesema jambo moja. Kama Zubair wa Bi Khamisa hangekuwa Doha, wangeapa ni huyu. Halafu wakaenda zao. Nami nikasema basi, dunia ina watu wanaofanana."

"Ulimwambia nani?"

"Si wewe, sasa hivi?"

"Kabla yangu, Mulinge."

Mulinge akakuna kisogo. "Ningesema nini kituoni? Kwamba kuna maiti anafanana na mtu aliye Uarabuni? Si mngenipima pombe?"

Tryphena akainama juu ya droo. Kijana mrefu, aliyekonda, aliyeokotwa kando ya barabara karibu na Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Hana simu, hana kitambulisho, hana viatu. Askari wa trafiki walikuwa wameandika kuwa amegongwa na gari lililotoroka. Daktari aliandika kuwa mbavu zimevunjika na kwamba alikufa kwa kukosa hewa. Tryphena aliamini la daktari. Mtu aliyegongwa barabara ile huokotwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Huyu alikuwa ameoshwa. Aliyemwosha alikuwa na haraka, kwa maana alisahau masikio na kucha, na humo mlikuwa na vumbi jeusi lenye kumetameta, kama ncha ya penseli iliyosagwa.

Akaugeuza mkono wa maiti. Makovu ya sindano yalipanda hadi kwenye kiwiko. Yote yalikuwa makavu, ya zamani. Hapakuwa na tundu hata moja jipya.

"Kaunti inazika lini wasio na wenyewe?"

"Ijumaa. Shimo moja, wote pamoja. Huyu nadhani ni Muislamu, lakini nani atamtafutia sanda?"

"Hao wawili waliomwona, unawajua?"

"Mmoja namjua. Yule mama wa mahamri, Firdaus. Alikuja kumchukua shemeji yake."

*

Duka la Bi Khamisa lilikuwa la leso, mabuibui na nguo za watoto. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza akifunga kifurushi kwa gazeti na kamba. Kwenye benchi mlangoni Firdaus, jirani yake, alijipepea kwa kipande cha katoni. Joto la mchana ule lilikausha mate mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Watafuta leso?"

Tryphena akaonyesha kitambulisho cha kazi. "Natafuta habari za Zubair, Mama."

"Zubair yuko Doha," alijibu Firdaus. "Kazi ya hoteli, mashallah."

Aliyeulizwa hakuwa Firdaus. Tryphena akaliweka hilo kichwani. Jirani alijibu upesi kuliko mama, na alipokwisha kujibu akatazama sakafu.

"Naam, Doha," alisema Bi Khamisa. "Yu salama salimini. Kwani kuna nini?"

"Kuuliza tu. Hiyo ni sweta?"

Mkono wa Bi Khamisa ukaganda juu ya kamba. Ndani ya gazeti ilikuwa sweta nene ya buluu, ya kiume, ya kufunika shingo.

"Ya mteja."

"Niuzie mimi. Kwetu milimani kuna baridi."

"Haiuzwi." Kisha akageuka. "Firdaus, shoga yangu, hukuacha mafuta motoni?"

Firdaus aliinuka, akatoka. Tryphena alingoja mpaka ndara zake zisikike zimefika mbali.

"Mama," alisema, "Doha siku hizi kuna baridi?"

Bi Khamisa alitoka nyuma ya meza, akarudisha ubao mmoja wa mlango, duka likawa nusu giza. Alipoinua mikono Tryphena aliona vifundo vya mikono vitupu, na juu yake alama nyeupe mahali palipokaa bangili miaka mingi.

"Ukilisema hili nje, umeniua."

"Sijaja kukuua."

"Yuko Chawia, huko milimani. Kwenye tiba." Neno lile la tiba alilitoa kwa shida, kama anayetema mwiba wa samaki. "Alianza unga Mombasa, kwa mjomba wake wa huko. Akaja akauza cherehani yangu, akauza mpaka mlango wa choo. Nikasema huyu ama atibiwe, ama nimzike."

"Kwa nini Chawia? Kuna kliniki ya serikali Mombasa. Dawa ya kunywa kila asubuhi, na hulipi."

"Mombasa! Nusu ya ukoo wangu wako Mombasa. Asimame foleni kando ya barabara kila siku, anayepita na apite amtazame?"

"Na vituo vingine?"

"Nilikwenda kimoja. Kina kibao langoni, kikubwa kama cha benki. Wakaniambia mzazi naye huja kila wiki, wakae kwenye duara wazungumze. Mimi! Nikae kwenye duara niseme mbele ya watu kwamba mwanangu ni teja? Nikatoka hata chai yao sikuinywa. Ndipo Mansur, ndugu yangu, akanipatia Daktari Morris. Hana kibao. Hana duara. Aliniambia, mama, ukishamleta wewe nenda kapumzike, kunyamaza ni kazi yangu."

"Na anakutoza kiasi gani?"

Bi Khamisa akavitazama vifundo vyake vya mikono. "Cha kutosha," alisema.

"Umemwona tangu umpeleke?"

"Haturuhusiwi. Lakini hunitumia sauti yake kila mwezi." Akatoa simu kwa fahari, fahari ya kwanza aliyoionyesha mchana ule. "Sikiza mwenyewe."

Sauti ya kijana ilijaza duka. *Asalaam aleikum, mama. Mimi sijambo. Huku baridi mno, niletee sweta. Usije, mama, mpaka daktari aseme. Niombee.*

"Amepewa sweta ngapi, Mama?"

"Kila akiomba napeleka. Huwagawia wenziwe. Ana roho nzuri mwanangu, unga tu ndio uliomharibu."

"Nichezee ya kwanza kabisa."

Akaicheza. Tryphena alifumba macho. Baada ya neno sweta jogoo aliwika, kisha sufuria ikaanguka na mtu akaguna.

"Sasa ya mwezi huu." Simu ilionyesha imetumwa juzi.

Maneno ya mwanzoni yalikuwa yamekatwa na kupangwa upya, *mimi sijambo* ikatangulia salamu. Lakini baada ya neno sweta jogoo aliwika. Sufuria ikaanguka. Mtu akaguna.

Tryphena aliirudisha simu mezani, akaisogeza kwa kidole hadi kwa mwenyewe. Bi Khamisa hakuwa mjinga. Aliicheza tena, peke yake, ameiweka sikioni, na alipofika kwenye sufuria akaizima kwa dole gumba.

"Kuna kijana mochari, Mama. Naomba uje umtazame."

"Usinitajie mochari! Nina mtoto mzima." Akakikumbatia kifurushi. "Nenda Chawia ukamlete. Ukirudi mikono mitupu, nitakuja. Wallahi nitakuja."

*

"Huku kwenu, afande, Mungu alisahau kuwasha jua," alisema Konstebo Muinde, akiegesha Land Cruiser kwenye ukungu wa Chawia.

"Funga zipu, Mkamba. Uje na mimi."

Nyumba ya Morris ilikuwa nadhifu, ya mabati ya kijani, yenye maua ya kupandwa kwenye matairi. Mwenyewe alitoka amevaa koti jeupe. Tryphena alikuwa ameshapiga simu njiani, akaambiwa kwamba huyo daktari aliwahi kuuza dawa za mifugo Mwatate, na hata huko alifukuzwa.

"Karibu, karibu sana. Ni mzazi?"

"Ni polisi. Nataka kumwona Zubair."

Tabasamu halikuondoka. Lilisogea tu upande mmoja. "Zubair yuko awamu ya pili ya programu. Awamu ya kimya. Akivurugwa sasa, tunarudi mwanzo."

"Sitamvuruga. Nitamtazama dirishani."

"Sera yetu, afande..."

"Vitanda viko wapi?"

Aliwaonyesha, kwa sababu Muinde alikuwa ameshafungua mlango. Chumba kirefu, vitanda vya chuma safu mbili, blanketi zimekunjwa kona kwa kona. Tryphena akapitisha kidole juu ya blanketi moja, kikaacha mstari kwenye vumbi. Mwisho wa chumba palikuwa na kabati. Morris akawahi kusimama mbele yake.

"Hiyo ni ya mashuka."

"Sogea."

Ndani mlikuwa na sweta. Rafu kwa rafu, za kila rangi, za sufu, za kufumwa kwa mkono, zote na lebo zake za dukani au kamba zake za kifurushi. Moja ilikuwa bado imefungwa kwenye gazeti, na juu ya gazeti mkono wa mama ulikuwa umeandika jina la mwanawe na moyo mdogo. Hakuna hata moja iliyowahi kuvaliwa.

"Wagonjwa wako hawasikii baridi, daktari?"

Morris akashusha pumzi, akashusha na sauti. "Sawa. Nitasema ukweli. Zubair alitoroka. Wiki mbili nyuma, yeye na kijana wa Mombasa. Wamekwenda huko kwenye unga wao. Tulinyamaza kwa ajili ya mama, ana presha."

Ulikuwa uongo mzuri. Mateja hutoroka, na hakuna hakimu asiyelijua hilo. Muinde tayari alikuwa ametoa kalamu.

"Alitoroka wiki mbili nyuma," alisema Tryphena, "na juzi akamtumia mama yake sauti akiomba sweta?"

Kalamu ya Muinde ikasimama.

Mlangoni alikuwa msichana wa jikoni, Shanice, ameshika sufuria na kitambaa. Alikuwa anatazama kabati, si watu. Tryphena alimsemesha Kidawida, lugha ya kwao, polepole, kama mtu anavyomsemesha mdogo wake. Alimuuliza ni nani aliyekuwa akiangusha sufuria kila mara vijana wakirekodiwa.

Msichana akaanza kulia. "Ni mimi. Mara moja tu. Kila mmoja alirekodiwa siku moja tu, siku ya kufika. Aliwaambia waseme ni baridi." Akageukia Kiswahili, ili Muinde naye asikie. "Hapa hawalali, dada. Wakikaa wiki moja wanapelekwa chini kwenye joto, Kasigau, upande wa Makwasinyi. Wanachimba mawe ya vito kwenye mwamba mweusi unaometa. Mimi nilidhani wanalipwa. Halafu shimo likawaangukia."

Kalamu ya Muinde ikaanza tena kuandika.

"Ni tiba ya kazi!" Morris alifoka. "Mnajua nini nyinyi? Wanakuja hapa wanatetemeka, wanajiharia. Jembe linawatoa sumu! Nani kati yao aliyedunga tena akiwa kwangu? Nani?"

"Huyo uliyemtupa Rukanga hakudunga tena," alisema Tryphena. "Hilo nimeliona. Muinde, pingu."

Morris alinyoosha mikono bila kushurutishwa. Alianza hata kucheka.

"Utanishtaki kwa jina la nani, afande? Hebu wahesabu vijana wangu. Mmoja yuko Doha. Mwingine yuko Muscat. Yule wa sweta nyekundu anasomea Canada, babake ametangaza hadi kanisani. Hapa hakuna mtu, na hajawahi kuwako mtu. Wazazi wao walinilipa ninyamaze, na mimi nimenyamaza. Kati ya akina mama hao, tafuta mmoja tu atakayesimama kortini."

*

Jioni polisi wa Kasigau walipiga simu. Wameliona shimo. Limefukiwa upya, mafiga bado yana joto, na vijana wamehamishwa kwa lori, haijulikani wapi. Morris alijua wapi. Morris alikaa selo, akaomba chai yenye sukari nyingi.

Mkuu wa upelelezi aliisoma ripoti ya Tryphena akiwa amesimama, mkoba begani, wa kwenda nyumbani.

"Marehemu ni nani?"

"Ninamjua, bwana mkubwa."

"Sikuuliza kama unamjua. Nani amemtambua? Mlalamishi yuko wapi? Msichana wa jikoni peke yake, wakili atamtafuna asubuhi na mapema. Nipe maiti mwenye jina, nami nitamzuia huyu mpaka atapike alikompeleka kila kijana. Huna jina, kesho namwachilia."

*

Bi Khamisa alikuja asubuhi, kama alivyoapa. Alikuja na Mansur, kakake, mwanamume wa kanzu safi aliyetembea hatua moja mbele yake kama anayemzibia upepo. Begani Bi Khamisa alikuwa na mkoba wa kitambaa. Nyuma yao alikuja Firdaus, ambaye hakuna aliyemwita, akasimama kizingitini.

"Tazama upesi, dada, tutoke," alinong'ona Mansur. "Ikiwa siye, siye."

Mulinge hakufanya mzaha. Alivuta droo, akakunjua shuka hadi kifuani.

Bi Khamisa alitazama. Tryphena alikuwa amewaona wengi wakitazama. Wako wanaopiga ukelele, wako wanaoanguka. Huyu alisimama wima kama mtu anayengoja kupimwa kanzu. Macho yalikwenda usoni, yakashuka begani, yakakaa kwenye mkono.

"Makovu yote ni ya zamani, Mama," alisema Tryphena. "Alikuwa ameacha."

Bi Khamisa alitupa jicho mlangoni, kwa Firdaus.

"Simjui," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Mansur, na papo hapo akamshika kiwiko. "Umesikia, afande. Siye. Mpwa wangu yuko Doha."

"Mama Zubair, leo saa nne Morris anaachiliwa. Wako vijana wengine aliowaficha."

"Amesema hamjui!"

Tryphena alifunga faili. Hakuna sheria inayomlazimisha mama. Mulinge akashika shuka amfunike.

Bi Khamisa alikuwa amefika kizingitini. Alisimama hapo, akajikunyata ndani ya buibui, akageuza kichwa.

"Wewe, mwanangu," alimwambia Mulinge. "Humu ndani huwa baridi hivi siku zote?"

"Usiku na mchana, mama. Ni mashine."

Aliunyofoa mkono wake kwa Mansur. Alirudi. Akafungua mkoba, akatoa sweta ya buluu, akaing'oa lebo kwa meno. Hakuweza kumvalisha, mwili ulikuwa umekakamaa, kwa hivyo alimtandikia kifuani, akamfunika shingo, akachomeka kingo chini ya mabega kama anavyofanyiwa mtoto mwenye homa.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, Mama?"

"Dada!" Mansur alikuwa na sauti ya mtu anayeona nyumba ikiungua. "Firdaus yuko mlangoni!"

"Twajua, Mansur," alisema Firdaus. Ncha ya mtandio ilikuwa mdomoni mwake. "Mtaa mzima twajua, tangu siku ya kwanza. Mtu haendi Uarabuni bila kusomewa dua. Nani aliitwa kwenye dua yake?"

Bi Khamisa hakuinua kichwa. "Mlijua."

"Twalijua."

"Si huyu mama ndiye alimwona wa kwanza?" Mulinge alijikuta amesema, akajuta hapo hapo. "Alisema kama hangekuwa Doha..."

"Ulimwona," alisema Bi Khamisa. "Ulimwona mwanangu amelala hapa, ukaenda ukakaanga mahamri. Ukaja ukakaa dukani kwangu ukasema mashallah."

"Nilikuwekea heshima, shoga yangu."

Bi Khamisa aliichukua mikono mitupu ya sweta, akaikunja juu ya kifua cha Zubair, mmoja juu ya mwenziwe, kama mtu aliyesimama kwenye swala. Kisha akamgeukia Tryphena, akamngoja afungue faili.

"Andika Zubair, mwanangu. Si Doha, andika Chawia," alisema. "Na panapoulizwa nani alimchagulia mahali pale, usimwandike Mansur. Niandike mimi."